Kuchangia damu Iringa mjini: maoni yangu baada ya kwenda mara nane

Nina cherehani mbili pale Miyomboni. Nashona sare za shule, magauni na vitenge vya vikundi vya kina mama. Wateja wakiniona nimerudi na plasta kwenye kiwiko na chupa ya soda mkononi, wanauliza, mama, ulikuwa unaumwa? Siumwi, nilikwenda kutoa damu. Basi hapo maswali yanaanza na pindo halishonwi. Inauma? Wanalipa? Ni kweli wakishaichukua wanaiuza? Mwili hauishiwi nguvu? Nimeona niandike mara moja wasome wote, na nitaandika kama ninavyomweleza mtu habari za duka au hoteli: nilipokelewaje, nilikaa muda gani, nini kizuri, nini kinaudhi.

Mara nane nimekwenda. Mara saba nimetoa, mara moja nilirudishwa. Huduma naipa nyota nne kati ya tano. Kituo sitakitaja, kwa sababu wahudumu wake hawafiki watano na kila mmoja atajua nimemsema nani.

Ila siwezi kuieleza huduma hii bila kusema siku ya kwanza nilikwenda kutafuta nini.

Mimi ni mtoto wa Kalenga. Kwa asiyepajua, ni mwendo mfupi tu kutoka mjini, njia ya kuelekea hifadhi ya Ruaha, na ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Fuvu lake liko pale kwenye makumbusho, limerudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na sisi watoto wa pale tulilizoea kama wengine walivyozoea picha ya babu yao ukutani. Jioni tukishachota maji tulicheza vita vya Lugalo. Kila mvulana alitaka awe Mkwawa. Nami nilitaka, na kwa kuwa nilikuwa mrefu kuwapita, walinipa zamu. Mkuki wangu ulikuwa ufito wa mlanzi. Tarehe tuliijua kabla ya jedwali la kuzidisha: 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kinapita Lugalo, Wahehe wanatoka porini, na kamanda wa Wajerumani, Zelewski, anauawa pale pale. Babu alisimulia kwa kunong'ona sehemu ya kujificha, halafu akapaza sauti sehemu ya kutoka, na mimi nililala nimekumbatia ufito wangu.

Nilichokitaka hasa kilikuwa kule kufika. Watu wamezingirwa, wamekata tamaa, mara natokea mlimani na macho yote yananigeukia. Nilipokuwa mtu mzima ndoto ile haikuondoka, ilibadilisha mavazi tu. Nikawa najiona pale mlima Kitonga, basi limelala ubavu, mimi navunja kioo natoa watoto mmoja mmoja. Nina watoto wawili, nina marejesho ya vikoba kila Jumamosi, na bado kila nilipopanda basi kwenda Dar kufuata vitambaa, tukianza kushuka Kitonga nilitafuta kwa macho ile nyundo ya dirishani iko upande gani.

Halafu siku moja ajali ikatokea kweli. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya kwetu ya kushinda na koti. Habari zikafika mtaani kwamba majeruhi wameletwa na damu inatakiwa. Nikafunga duka, nikamwachia jirani ufunguo, nikapanda bodaboda. Njia nzima moyo unadunda. Ninasema ukweli wangu hapa kwa sababu nadhani siko peke yangu: ndani ya kule kudunda kulikuwa na furaha. Saa yangu ilikuwa imefika.

Kituoni tulikuwa wengi, wengine wamesimama hadi nje. Zamu yangu ilipofika, muuguzi mmoja wa makamo, aliyejifunga khanga juu ya sare yake kwa ajili ya baridi, alinichoma kidole, akavuta damu kwa kimrija chembamba, akadondosha tone moja kwenye kikopo cha maji ya bluu. Maji yale ni mrututu, huo huo wanaoujua wakulima wa nyanya, ila umechanganywa kwa kipimo maalumu. Damu yenye wekundu wa kutosha ni nzito, ikidondoka inazama moja kwa moja mpaka chini. Tone langu lilishuka kiasi cha urefu wa ukucha, likasita. Likakaa pale katikati kama linafikiri. Kisha likaanza kupanda, polepole, mpaka likafika juu.

"Dada, hii yako ni ndogo," akaniambia. "Ukitoa leo, kesho wewe ndiye utakayelala kitandani tukutafutie."

Nikamwambia, mama, huko ndani watu wanakufa. Hakunikaripia. Aliniketisha pembeni, na foleni ile yote ikisubiri, akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Damu ikitoka mkononi mwa mtu haiendi wodini. Inapimwa kwanza: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C, kaswende, halafu kundi. Majeruhi aliyeletwa alfajiri hawezi kusubiri yote hayo. Anayeongezewa damu saa ile anaongezewa iliyokuwa tayari kwenye friji tangu juzi, tangu wiki iliyopita.

"Hawa wa leo wameokolewa na watu waliokuja siku ambayo hakuna kilichotokea," akasema. "Nenda kale vizuri. Rudi baada ya miezi mitatu, Jumanne yoyote."

Nilirudi dukani kwa miguu. Jirani akaniuliza, umetoa? Nikasema hapana, akanionea huruma, akanipa chai. Niliinywa ile chai nikiwaza neno moja tu, Jumanne yoyote. Tangu utotoni sikuwahi kujiona shujaa wa siku ya Jumanne.

Sasa nieleze ile miezi mitatu, maana wanawake wengi hurudishwa kama nilivyorudishwa, wakakata tamaa, wakati tatizo lina dawa ya jikoni. Kipimo wanachotaka ni hemoglobini, yaani ule wekundu wa damu, ya gramu 12.5 kwa desilita au zaidi. Sisi tunaopata hedhi tunapoteza madini ya chuma kila mwezi na hatuyarudishi. Nikarudi kwenye matembele, maharage, dagaa, na maini kila nilipopata hela. Lililonishinda kwa muda ni chai. Mtu wa Iringa chai yetu inatoka hapo Mufindi, unakunywa asubuhi, mchana na usiku, na unainywa pamoja na chakula. Kumbe chai ikikutana na chakula tumboni inazuia mwili usinyonye chuma vizuri. Niliambiwa niiache mpaka lipite saa moja baada ya kula, na limau au chungwa ndivyo viandamane na mboga. Wiki za mwanzo nilikuwa naangalia saa ukutani kama mwanafunzi anayesubiri kengele.

Nilirudi Jumanne. Foleni ilikuwa ya watu watatu: mimi, mwanafunzi wa chuo, na mzee mmoja aliyesema yeye huja kila baada ya miezi mitatu tangu ana nguvu za kubeba gunia. Nikamsalimia kamwene, akaitikia kamwene, akasogea nikae. Muuguzi alikuwa yule yule. Tone likadondoka kwenye mrututu na likazama kama jiwe. Nililishangilia kwa sauti, na mzee naye akacheka kwa furaha.

Mambo yanakwenda hivi. Kwanza fomu, na maswali ya faragha ambayo lazima uyajibu kweli: dawa unazotumia, mahusiano, ujauzito, kunyonyesha, malaria ya karibuni. Huulizwa ndani ya chumba au nyuma ya pazia, na nimependa kwamba mhudumu haulizi kwa sauti ya kusikika na jirani. Kisha uzito, uwe kilo 50 kwenda juu. Presha. Halafu kitandani. Mimi nashika sindano tangu asubuhi hadi jioni, lakini ile yao siwezi kuitazama ikiingia, ni nene. Nageuza shingo naangalia dirishani. Maumivu ni ya mchomo mmoja, kama kujikata na wembe wa kukatia nyuzi, baadaye unabaki uzito tu mkononi. Wanakupa kitu cha kufinya. Mrija unakuwa wa moto, ukigusa ngozi unasikia joto lako mwenyewe linapita nje. Watu wanasema chupa ya damu, ila ni mfuko laini, unalala kwenye mashine ndogo inayoutikisa taratibu ili damu ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande. Mililita 450 hivi, chini ya nusu lita. Mimi huchukua kama dakika nane. Kisha unakaa, unapewa soda na biskuti, na unaambiwa usinyanyue vitu vizito siku hiyo.

Maji uliyoyapoteza mwili unayarudisha ndani ya siku moja mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na chuma huchukua muda zaidi, ndiyo maana mwanamume anaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne. Kwa hiyo mwanamke akifululiza ni mara tatu kwa mwaka. Mara tatu, tena kwa asubuhi moja moja.

Kundi langu ni O chanya. Nilipoambiwa nilinyong'onyea, kwa sababu nilishasikia ndilo la watu wengi, na kile kitoto cha Kalenga kilitaka kiwe na damu adimu. Muuguzi akaniambia, ndilo la watu wengi, kwa hiyo ndilo linaloisha haraka zaidi kwenye friji. Tangu siku hiyo nalipenda kundi langu.

Kuna mzee mmoja wa Australia, James Harrison, nimpe aya yake hapa kwa sababu namfikiria kila ninapogeuza shingo. Alipokuwa na miaka 14 alipasuliwa kifua na akaongezewa damu nyingi za watu asiowajua. Akaahidi kwamba akifika umri ataanza kutoa, akaanza mwaka 1954. Plazma yake, yale majimaji ya damu, ilikuwa na kinga inayotengenezewa dawa kwa kina mama wenye kundi hasi ambao wamebeba mtoto mwenye kundi chanya, ili mwili wa mama usishambulie damu ya mtoto. Alitoa mara 1,173, akaachishwa mwaka 2018 akiwa na miaka 81 kwa sababu ya umri, akafariki mwaka 2025. Naye aliogopa sindano, hakuwahi kuitazama ikiingia. Mara elfu moja mia moja sabini na tatu anageuza uso, na kila mara anarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Nilitaka kuishia kwenye huduma, lakini mwaka juzi wifi yangu alijifungua Tosamaganga, na hili lazima niliseme.

Sisi wa Kalenga jina la Tosamaganga tunalijua kwa hadithi nyingine. Wazee wanasema maana yake ni kutupa mawe, kwa sababu ni kutoka kwenye kilima hicho Wajerumani walipoipiga Kalenga kwa mizinga, ngome ikaanguka 30 Oktoba 1894. Katika michezo yetu hapo ndipo adui alipokaa. Leo kuna hospitali ya misheni, na wifi alipata mtoto wa kike salama, halafu akaanza kutoka damu isiyokatika. Nilifika nikakuta ameshawekewa mfuko wa pili. Midomo yake ilikuwa ya kijivu kama majivu ya kuni. Nilikaa kwenye kiti sina la kufanya. Hapakuwa na kioo cha kuvunja. Nikawa nasoma lebo ya ule mfuko, kwa kuwa macho yalihitaji pa kukaa: kundi, namba ndefu, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho wa matumizi. Jina halipo. Tarehe ya kutolewa ilikuwa siku kumi na tisa nyuma. Nikajaribu kukumbuka siku hiyo mimi nilikuwa nafanya nini, nikakumbuka: nilikuwa nakata kaptura za darasa la kwanza, nimekasirika kwa sababu umeme umekatika. Mji mzima ulikuwa kwenye shughuli zake, na kuna mtu alitoka kwenye shughuli zake akaenda kulala dakika nane. Kufikia saa kumi jioni midomo ya wifi ilianza kuwa na rangi. Akaomba uji.

Huyo mtu simjui, na sitamjua. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshatoa mara nne, lakini nadhani hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakifanya.

Sasa nyota niliyoikata. Ninaikata kwa ajili ya muda. Mara mbili tumetangaziwa kuanza saa mbili asubuhi, gari la vifaa likafika karibu na saa tano. Watu waliotoroka kazini waliondoka, na wengine hawajarudi mpaka leo, nawajua kwa sura. Anayeomba zawadi ya bure asimcheleweshe anayeitoa. Kuna kambi moja ya kuchangia ambako biskuti na soda viliisha kabla foleni haijaisha, na binti mmoja wa sekondari akapata kizunguzungu akaanguka kwenye nyasi. Alipona hapo hapo, lakini ukimkuta leo ukamwambia twende, hatakwenda. Kwa soda moja. Pia nimewahi kuchomwa mara mbili na mhudumu mgeni aliyekosa mshipa. Huyo nimemsamehe, kwa sababu aliomba radhi kabla sijasema kitu, na hata mimi nilipoanza nilivunja sindano za watu.

Lililoniuma zaidi halikutokea kituoni kwetu. Shangazi yangu aliuguza mtu kwenye hospitali moja nje ya mkoa, na kuna mtu alimfuata koridoni akamwambia atoe elfu arobaini apatiwe damu haraka. Shangazi akatoa, angefanyaje? Ndugu zangu, damu ya wachangiaji haiuzwi. Mimi siuzi, yule mzee wa gunia hauzi. Ukiombwa hela ya damu, omba jina la anayeomba na umwulize mganga mfawidhi mbele yake. Kila mtu mmoja anayepokea hela hizo anatufukuzia wachangiaji kumi, maana mtaani neno moja tu linatosha: wanauza.

Na mwezi wa sita. Tarehe 14 Juni ni siku ya wachangia damu duniani, kunakuwa na hema, muziki, fulana na hotuba, na foleni inafurahisha macho. Naipenda siku ile. Lakini damu kwenye friji inakaa siku 35 tu, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku tano tu. Shule zikifungwa, wanafunzi ambao ndio wachangiaji wakubwa wanatawanyika makwao, na ya mwezi wa sita haiwezi kumsaidia mzazi wa mwezi wa nane. Ningepewa nafasi ya kupanga, fulana zile ningezigawa Agosti.

Kwa anayetaka kwenda: uwe na miaka 18 hadi 65, kilo 50, uwe umekula, umekunywa maji ya kutosha, umelala vizuri. Usiende na nguo ya mikono ya kubana, nawaambieni kama fundi, mkono ukivimbishwa na ule mpira kitambaa kinakata. Ukirudishwa usione aibu, uliza sababu, rekebisha, rudi. Nauli yangu ya bodaboda kwenda na kurudi ni elfu tatu, na hiyo ndiyo gharama yote. Walioko Mbeya, kituo cha damu salama cha kanda yetu yote ya Nyanda za Juu Kusini kiko huko kwenu, hamna sababu ya kutopajua.

Kadi yangu imeandikwa tarehe ya kurudi, ni Jumanne. Mteja wangu mwenye gauni la send-off nimeshamwambia siku hiyo duka nafungua saa sita mchana. Ameuliza kama anaweza kuja na mimi. Nimemwambia aanze matembele leo.